Shoo ya Gizani

Wiki ya tatu baada ya kufika Jeddah, nilikuwa nasugua vigae vya barazani huku nikiimba gitaa. Nasema kuimba gitaa kwa sababu maneno ya wimbo ule siyajui vizuri hadi leo. Nilikuwa naliigiza kwa mdomo lile gitaa la katikati, linalopanda, linasita kidogo, kisha linateremka kwa fujo. Dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzangu ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tumesalimiana tu, alikuwa anaosha gari hatua chache kutoka nilipokuwa. Nikasikia maji ya mpira yamefungwa. Kisha nikasikia mwanamume mzima, mwenye mvi, akinijibu kwa besi, "dum, dum, du-dum," pale pale besi inapotakiwa kuingia.

Niliacha brashi, tukatazamana.

"Wewe msichana," akasema, "hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa baba yangu, mzee."

"Ya studio ama ya laivu?"

"Ya laivu. Ile ya studio gitaa halisiti."

Mzee alicheka hadi akakalia ndoo. Tangu siku hiyo tukawa watu wa roki ya zamani wawili katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyejua kwamba kitu hicho kipo.

Sina subira na mtu anayesikiliza albamu ya laivu halafu analalamika kwamba watu wanapiga kelele. Hizo kelele ndizo nilizozilipia, kama ningekuwa nimelipa. Mimi nataka nisikie mwimbaji akikosa pumzi, mpiga ngoma akiwahi kidogo kwa furaha, na mtu mmoja mbele kabisa akipiga mluzi mahali pasipofaa. Mzee alikuwa na msimamo wake. Kwake laivu nzuri ni ndefu, wimbo mmoja umalize upande mzima wa kanda, na mwenye haraka aende zake. Tulibishana juu ya jambo hilo kwa miezi saba, na sijawahi kubishana na mtu kwa raha kiasi hicho.

Mahali pa kubishania palikuwa ndani ya gari. Nyumbani nisingeweza kusimama na kupiga soga na dereva. Madam hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba ina taratibu zake. Ila madam alipokwenda dukani nilikwenda naye kumshika mtoto na mifuko, na mara nyingi mtoto alilala, basi nikaachwa naye garini. Mimi nyuma, mzee mbele, vioo vimepandishwa, kipoza hewa kinanguruma. Tulizungumza kupitia kioo kile cha katikati cha kutazamia nyuma. Hata sasa nikimkumbuka naona macho na paji la uso tu. Alikuwa na flashi aliyojaziwa nyimbo kwenye duka moja la simu kule mtaa wa Sharafiya, na humo ndani mlikuwa na albamu ileile ya laivu aliyokuwa nayo baba, nzima, saa moja na nusu. Tuliianza mara nyingi. Hatukuwahi kuimaliza hata siku moja. Kila mara madam alitokea mlangoni mwa duka, mzee akagusa kitufe, redio ikarudi kwenye stesheni ya madam, na sote tukakaa wima.

Sasa niseme habari ya baba, kwa sababu ndiyo iliyonikaa rohoni miezi hiyo yote.

Nyumbani kwetu Nakuru baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha unga, na mama alikuwa fundi wa nguo aliyeshonea sebuleni. Jumamosi vita vilikuwa kati ya redio kaseti na cherehani. Baba akiongeza sauti, mama anakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Mama alisema muziki ule unampindia mshono. Kabla sijazaliwa, bendi moja ya ng'ambo ilipita Nairobi ikapiga kwenye uwanja mkubwa, na baba alisema alikuwapo. Kanda aliyokuwa nayo ilirekodiwa na bendi hiyohiyo huko kwao Uingereza, mwaka uleule. Kila ikifika mahali ambapo ngoma inabaki peke yake, baba alikuwa akiinua kidole na kutusimulia.

"Hapo ndipo taa zilipozimika. Giza tititi. Magitaa yamenyamaza, imebaki ngoma tu. Inapigwa, inapigwa. Basi watu tukaanza kuimba. Kulikuwa na muuza mayai, akainua taa yake ya chemli juu, tukaonana nyuso. Mimi sijawahi kuona watu wamefurahi vile."

Mama hakuacha kushona. "Na mwimbaji alivaa nini?"

"Kulikuwa na giza, mama watoto."

"Shoo nzima?"

Sisi watoto tukacheka. Mama alikuwa fundi. Mtu aliyekwenda harusini alitakiwa kurudi na habari za kola, mikono na vifungo, na akisahau basi hakwenda. "Mtu anatoka Nakuru mpaka Nairobi," alikuwa akiwaambia wateja wake, "anarudi hajui hata suruali ilikuwa ya rangi gani. Na hayo mayai, nani aliruhusu yauzwe kwenye shoo ya Wazungu?" Jirani na jamaa wakaipa jina, shoo ya gizani. Ukimwona mtu anasema uongo kwetu, unamwuliza kama na yeye alikuwa kwenye shoo ya gizani.

Baba alifariki miaka miwili kabla sijasafiri. Siku ya mazishi baba mdogo alisimama kusoma historia ya marehemu, akafika mahali akasema, "Na wote tunajua alihudhuria ile shoo ya gizani." Watu wakacheka makaburini. Na mimi nikacheka. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini kicheko kile ndicho ningependa kukirudisha mdomoni.

Na sasa huku Jeddah nimekutana na mtu aliyekuwa kwenye shoo ileile. Mzee alinieleza mwezi wa kwanza tu, tukiwa tumeegesha nje ya duka la vitambaa. Alikuwa kijana wa kumaliza shule, akafika mapema, akasimama karibu na jukwaa. Alinieleza taa za kijani na nyekundu, moshi unaotoka chini, mwimbaji amevaa suruali nyekundu ya kung'aa na shati lililofunguliwa vifungo vitatu. Nilihesabu vifungo hivyo kwa ajili ya mama. Wakenya wengine tuliokuwa tukikutana nao Sharafiya siku ya kutuma pesa nyumbani walimheshimu kwa habari hiyo. Hata wasiopenda roki walimwita aje awasimulie suruali nyekundu.

Nilisubiri aseme taa zilizimika, wala hakusema. Nilisubiri wiki, nikasubiri miezi. Kila aliposimulia, taa ziliwaka mwanzo hadi mwisho. Ningeweza kumwuliza tu, swali lenyewe ni la maneno mawili matatu. Lakini niliogopa. Akisema hazikuzimika, basi mama alikuwa sahihi, na baba mdogo, na mtaa mzima, na baba yangu alikuwa mwongo aliyeinua kidole miaka ishirini. Bila kuuliza, bado nilikuwa na baba niliyemtaka. Nikawa nabishana na mzee juu ya magitaa, na lile swali nikalikalia.

Kisha kukawa na harusi ya mdogo wake madam huko Riyadh. Familia nzima ikakata tiketi za ndege, isipokuwa mama mzazi wa bosi, mume wa madam, ambaye nyumbani tulimwita mama kabir, yaani mama mkubwa. Yeye alisema ndege ni za ndege. Basi ikaamuliwa aende kwa gari na masanduku ya nguo za harusi, mzee aendeshe, mimi nikae naye nyuma nimshike mkono kwenye vituo. Nilipoambiwa nilipiga hesabu haraka: Jeddah mpaka Riyadh ni karibu siku nzima ya barabara. Nilimtazama mzee kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa anafuta flashi kwa kitambaa cha miwani.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama kabir alikuwa na mashine ndogo ya masikio ya kumsaidia kusikia, na tabia yake ilikuwa kuivua safarini na kuitia kwenye pochi, kwa sababu mngurumo wa gari ulimuumiza kichwa. Tulipopanda milima ya Taif alikuwa bado anayo, ananionyesha nyani kando ya barabara na kucheka. Tulipoteremka upande wa pili, barabara ikanyooka na mchanga ukaanza, akaivua. Mzee alinitazama kwenye kioo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka albamu mwanzo kabisa, kwa sauti ya chini kwanza, kisha ya kati.

Siwezi kueleza raha ya kusikiliza kitu kizima baada ya miezi saba ya vipande. Wimbo wa tatu, ambapo kila mara madam alikuwa akitokea, ulipita na hakuna aliyetokea. Wimbo wa nne mwimbaji anakosa pumzi, nikamgonga mzee begani kwa kidole, akasema, "Umesikia? Hapo anajifanya anakunywa maji." Wimbo wa tano tukabishana kama kinanda kilihitajika. Mama kabir alikuwa ameweka kiganja chake kwenye mlango wa gari, na nilidhani amelala.

Halafu ikafika ngoma. Magitaa yakatoka moja moja, besi ikatoka, ikabaki ngoma peke yake. Na mimi, bila kupanga, nikajikuta nimeinua kidole kama baba.

"Mzee," nikasema, "nikuulize kitu. Siku ile Nairobi, taa zilizimika?"

"Zizimike kwa nini? Shoo ya Wazungu, dada. Jenereta mbili zilikuwa hapo."

Nikasema, "Haya." Nikageukia dirisha nitazame mchanga. Sikutaka kulia mbele ya mama kabir, ila machozi hayaombi ruhusa. Mzee aliniona kwenye kioo.

"Kwani nini?"

"Hakuna. Ni baba yangu. Alituambia alikuwa hapo, taa zikazimika ikabaki ngoma, watu wakaimba gizani. Ati muuza mayai akainua chemli. Mama alimwambia siku zote ni uongo. Sasa naona ni uongo."

Gari lilianza kupunguza mwendo, la nyuma yetu likatupigia honi na kutupita. Akaingia kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa mbele, akaegesha pembeni, akazima muziki. Na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akageuka mwili mzima, nikauona uso wake wote.

"Baba yako alikuambia habari ya muuza mayai?"

"Ndiyo."

"Na ndoo ya bluu?"

"Ndoo hakusema. Alisema chemli."

"Alisimama juu ya hiyo ndoo. Kama si ndoo nani angeiona chemli?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Dada, mayai boilo yalikuwa nje. Ndani kulikuwa na soda na biskuti. Nje, upande wa ukuta wa nyuma, ndiko kulikuwa na yule jamaa wa mayai. Tulikuwa wengi sana huko, watu wa bila tiketi. Askari wakachoka kutufukuza, wakazima taa zote za upande ule ili twende nyumbani. Ndani taa zinawaka, huku kwetu giza. Na wakati huo ndiyo ile ngoma ilikuwa imeanza. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Tuliimba, dada. Nilikula mayai matatu siku hiyo, na yalikuwa na chumvi nyingi."

Nilimtazama mpaka nikaelewa. "Wewe ulikuwa nje."

"Nilikuwa nje."

"Na suruali nyekundu?"

"Niliambiwa na mtu aliyetoka ndani. Vifungo niliongeza mwenyewe."

Nilicheka na kulia pamoja, kitu ambacho nilidhani ni cha kwenye sinema. Nikamwuliza kwa nini baba hakusema tu kwamba alikuwa nje, angetuondolea kicheko cha miaka yote ile.

"Ungemwambia nani?" mzee akasema. "Ukisema ulikuwa nje, mtu anakuuliza, sasa ulienda kufanya nini? Mimi niliulizwa na kaka yangu siku ya pili tu. Ndiyo nikaingia ndani." Akafikiri kidogo. "Baba yako alikuwa mkweli kuliko mimi. Yeye alisema alichoona."

Ni kweli, na nilikaa pale kituoni nikipekua kila simulizi ya baba ninayoikumbuka. Hakuwahi kusema ndani. Alisema nilikuwa kwenye shoo. Hakuwahi kutaja jukwaa, wala moshi, wala shati. Mama alipouliza nguo, angeweza kubuni suruali ya rangi yoyote na kesi ingeisha. Mzee alibuni, akaheshimiwa mpaka Sharafiya. Baba alikataa kubuni, akachekwa hadi kaburini. Nilimpenda sana wakati ule, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia tangu nitue nchi ile.

Mama kabir akanigusa goti. Alitaka kujua kwa nini tumesimama. Kwa ile lugha fupi aliyotumia na sisi, akauliza, "Halas?" huku akionyesha mlango alioushika na kuupigapiga kwa vidole. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amelala. Ngoma ilikuwa ikimfikia kwa kiganja.

"Mafi halas, mama," mzee akamjibu. Haijaisha.

"Yalla," akasema mama kabir, yaani twende, akarudisha kiganja mlangoni.

Tukanunua chai ya maziwa vikombe vitatu, tukairudisha albamu kwenye ngoma, tukaendelea mpaka mwisho, mpaka makofi ya mwisho kabisa na ile sauti ya mtu akichomoa waya. Kabla ya Riyadh mzee aliniomba jambo moja, nisiwaambie watu wa Sharafiya. Nilimwahidi. Ila tangu siku hiyo, kila akianza kusimulia mbele za watu, nilikuwa namwuliza kwa adabu, "Na vifungo, mzee, vilikuwa vingapi leo?" na yeye ananitazama kwa jicho lile la kwenye kioo cha gari.

Siku ya pili Riyadh, wanawake wa nyumba walikuwa wanatiwa hina, na madam akanipa ruhusa ya saa mbili nikanunue salio na vitu vyangu. Mzee akanipeleka Batha, ambako kila mtu anauza kitu na kila gari linapiga honi. Tulipata mahali pa kuegesha mbele ya duka la mablanketi. Akaniwekea albamu tayari, akasema anakwenda kutafuta viatu, na wala hakuhitaji viatu.

Nikampigia mama. Alikuwa kazini, niliisikia cherehani kabla sijamsikia yeye. Nilimweleza yote bila kupumzika: ukuta wa nyuma, askari, taa zilizozimwa, ndoo ya bluu, mayai matatu yenye chumvi nyingi. Cherehani iliendelea kwa muda, ikapunguza, ikasimama. Miaka yote ya utoto wangu sikuwahi kuisikia ikisimama kwa ajili ya muziki wa baba.

"Alikuwa nje," mama akasema.

"Alikuwa nje, mama. Ndiyo maana hakuona nguo."

"Na mimi nimemwuliza nguo miaka ishirini." Kisha, kwa sauti ndogo, "Hiyo nyimbo unayo hapo?"

Nikaiweka simu karibu na spika ya mlangoni, nikaanzia pale magitaa yanapotoka. Ngoma ikapigwa yote. Ilipofika watu wanapoanza kuimba, nikasikia anavuta pumzi.

"Hao ni walio ndani?"

Nilitaka kumwambia kwamba kanda ile ilirekodiwa Uingereza, kwamba watu wale hawajawahi kufika Nairobi, wala hapakuwa na mayai wala chemli. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa.

"Ndiyo, mama. Ni walio ndani."

"Na wale wa nje?"

"Hawasikiki vizuri."

"Basi rudisha nyuma," mama akasema, "na uwaambie hao watu wa huko wapunguze honi."

Nikapandisha vioo vya gari vyote vinne, nikarudisha nyuma.